Tusizing'oe Pikapu za Gitaa la Shule



Naomba nafasi katika ukurasa wa Kiswahili niseme juu ya neno lililopitishwa na Chama cha Muziki muhula uliopita. Kwa kura 14 kwa 9 ilikubaliwa kwamba gitaa jekundu la umeme lililomo katika stoo ya shule, alilotuachia mwanafunzi mmoja wa zamani, ling'olewe pikapu zake mbili za Kijapani, litiwe mpya zenye nguvu, na zile za zamani ziuzwe kwa mtu wa ng'ambo anayezitaka. Mimi nilikuwa mmoja wa wale 9. Waliotushinda walisema kwamba tunapenda vitu vikuukuu kwa sababu tu ni vikuukuu. La, sivyo. Napinga kwa sababu jambo hili nimekwisha kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe, nyumbani Juru, na kwaya yetu ingali inaona hasara yake hata leo.

Kabla sijaendelea, wadogo zangu wa kidato cha kwanza wajue kwamba pikapu ninayoisema si gari. Nilipomwambia mama kwamba nimeharibu pikapu ya kwaya alishika kichwa akauliza kama dereva yu hai. Pikapu ya gitaa ni kidude kidogo kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo umesokotwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku hubadilika, na katika ule waya huzaliwa umeme kidogo sana unaokwenda katika amplifaya na kutokea katika spika. Mwalimu wetu wa fizikia akifundisha habari za Faraday, ndizo habari zenyewe. Kazi hii ilianza kuonekana katika gitaa huko Marekani mwaka 1931, na tangu hapo mafundi wa kila nchi wameifanya kwa namna yao. Ukiongeza mizunguko, sauti huongezeka nguvu na unene, lakini ule ung'avu wa juu hupungua. Lishikeni neno hilo, maana ugomvi wetu wote umo humo.

Sasa habari za Juru. Wengi wenu mnaijua Nakivale kwa jina tu, kama mahali pa wakimbizi palipo katika Wilaya ya Isingiro, na mkitoka Mbarara mnapita mbali. Ina sehemu tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na imepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakiwa wa kwanza. Sisi tulitoka Uvira. Katika Juru utasikia lugha nyingi, lakini sokoni na katika kwaya ni Kiswahili, na kila kwaya ina magitaa yake, na kila gitaa lina mashabiki wake, hata watu hugombana juu yake kuliko juu ya mpira.

Gitaa la kwaya yetu ni Teisco. Lilinunuliwa Bukavu mwaka 1974, tayari likiwa limetumika, na mzee ambaye hata leo ndiye mwalimu wetu wa kwaya. Kampuni ya Teisco ilianzishwa Tokyo mwaka 1946, ikauza magitaa mengi mno Marekani katika miaka ya 1960, mengine kwa jina la Silvertone katika maduka ya Sears, kwa bei ya mtoto wa shule. Kisha mwaka 1967 ikanunuliwa na Kawai. Ubao wake si wa fahari, na swichi zake ni nyingi kuliko kazi yake. Pikapu zake mbili zina kifuniko cha chuma chenye matundu, na chini ya matundu huonekana karatasi ya rangi ya dhahabu. Watu wengi hudhani ile dhahabu ndiyo inayotoa sauti. Ni pambo tu.

Mwaka juzi mimi ndimi niliyesimama mbele ya kwaya nikasema kwamba gitaa letu lina sauti nyembamba, ya aibu, na kwamba kwaya za jirani zinatucheka. Nilikuwa na umri wa miaka 17, na nilikuwa nimesikia katika duka moja pale Mbarara pikapu mpya yenye koili mbili, iliyonguruma hata vioo vikatetemeka. Kina mama walichanga shilingi 90,000. Mzee hakusema kitu. Nilichukua patasi nikalipanua tundu la pikapu ya nyuma, kwa kuwa mpya ilikuwa pana zaidi, nikayeyusha risasi ya lehemu ili niitoe ya zamani. Chuma kilikuwa moto mno nami nilikikawiza. Pale ule waya mwembamba ulipounganishwa na waya mnene, uliachia. Nikatafuta ncha yake kwa wembe, na kwa kuitafuta nikakata mizunguko mingine sijui mingapi. Mita ya kupimia umeme haikuonyesha chochote. Mzee alitazama, kisha akauliza neno moja tu: “Na ile ingine, iko?”

Ile ingine iko, ndiyo iliyonifundisha.

Jumapili ya kwanza watu walishangilia, na mimi nikavimba kichwa. Gitaa lilisikika mpaka barabarani. Jumapili ya tatu mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia kwamba hawasikilizani tena; kila gitaa likiingia, maneno ya wimbo yanazama. Nikapunguza sauti. Hapo gitaa likawa halisikiki kabisa, limekuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Nikaongeza tena, nao wakazama tena. Nikawa kama mtu avutaye shuka fupi, nikifunika kichwa miguu inabaki nje.

Basi katika likizo ya Agosti iliyofuata nikaamua kufanya jaribio kama tufanyavyo katika maabara. Ikatokea bahati kwamba mpigaji mmoja wa Mbarara alikuja Juru kupiga katika arusi, naye alikuwa na Ibanez ya Kijapani. Ukitaka kujua umri wa Ibanez za Japani za wakati ule tazama namba yake. Herufi ya kwanza ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Yake ilianza na C77, yaani Machi 1977. Pikapu zake aliwahi kuzifungua akaona chini yake chapa ya Maxon, kampuni ileile ya Kijapani iliyotengenezea Ibanez na Greco pikapu nyingi katika miaka hiyo. Hivyo nikawa na tatu za kulinganisha: Teisco yenye koili moja, Maxon yenye koili mbili, na ile mpya ya dukani.

Mara ya kwanza nilikosea, na kosa langu ndilo kosa la Chama cha Muziki. Nilipiga zote tatu bila kugusa amplifaya, na kila mtu akasema mpya ndiyo bora. Lakini mpya ilikuwa na kelele zaidi! Sikio la binadamu lina udhaifu huu, kwamba ukilipa sauti mbili, moja ikizidi kidogo kwa nguvu, litakuambia ile yenye nguvu ndiyo tamu. Wauza redio wanalijua hili siku nyingi. Wenzangu 14 walisikiliza dukani, kila pikapu kwa nguvu zake, kisha wakaja kupiga kura.

Nikaanza upya. Amplifaya moja, nyuzi mpya za aina moja katika magitaa yote mawili, mpigaji mmoja. Kila pikapu nikaisawazisha na mwenziwe kwa kitufe cha amplifaya, si cha gitaa, kwa sababu ukipunguza kwa kitufe cha gitaa unapunguza na ung'avu wake pia. Nikatundika kitenge ili wasikilizaji wasione. Wasikilizaji walikuwa mzee, yule mama wa sauti ya pili, na mdogo wangu wa miaka 11 ambaye hana heshima kwa mtu na kwa hiyo anafaa sana kwa kazi ya namna hii.

Tulipopiga gitaa peke yake, majibu yaligawanyika. Maxon ilipendwa na wawili: sauti ya mviringo, nzito bila kuwa na matope, noti ikikaa hewani kwa muda mrefu. Teisco, alisema mdogo wangu, inalia kama sufuria. Si uongo mtupu. Ina mlio wa bati kidogo mwanzoni mwa noti, halafu hufifia mapema. Ile mpya walisema ina nguvu, ingawa tulikuwa tumeisawazisha na wenzake.

Tulipoingiza kwaya, watu 16, ngoma na besi, mambo yaligeuka. Mpya ilipotea. Maxon ilisikika vizuri katika mwendo wa chini, yaani gitaa la ridhimu, lakini sauti za kiume zilipopanda ziligongana nayo. Teisco, ile ya sufuria, ilisikika noti kwa noti, na maneno ya waimbaji yakasikika vilevile juu yake. Yule mama alisema kutoka upande wa pili wa kitenge, “Hili lisibadilishwe tena.” Hakujua ni lipi.

Mtu ataniambia kwamba jaribio halikuwa la haki, kwa sababu ya zamani iliyobaki iko mbele, karibu na shingo ya gitaa, na mpya iko nyuma karibu na daraja. Ni kweli haziko mahali pamoja. Lakini kila mpiga gitaa anajua kwamba pikapu ya nyuma hutoa sauti kali zaidi na ya mbele hutoa sauti nene zaidi. Mpya ndiyo iliyopewa mahali pa ung'avu, na hata hivyo ikashindwa kwa ung'avu. Kama zingebadilishana mahali ingeshindwa zaidi.

Nilipima na mita. Teisco ilisoma omu 5,400, Maxon karibu 7,600, mpya 14,000. Namba hizi si sauti yenyewe, wala asije mtu akanunua pikapu kwa kusoma mita, kwani sumaku na umbo la koili vina neno lao. Hata hivyo zinaonyesha njia. Aliyeitengeneza hiyo mpya alitaka nguvu, akasokota na kusokota, na kwa kila mzunguko akaweka kitu kimoja akaondoa kingine.

Kwa nini muziki wetu unataka ung'avu? Nadhani masikio yetu yalilelewa na gitaa kavu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, hakuwa na umeme. Alipiga gitaa kavu, na unaweza kuhesabu kila noti ya kidole gumba na kila noti ya kidole cha shahada. Umeme ulipokuja, Franco na Docteur Nico hawakuutumia kunguruma, waliutumia ili noti zilezile zisikike mbali. Katika muziki wa Kongo magitaa mawili au matatu hupiga pamoja, ridhimu, mi-solo na solo, kila moja likiwa na njia yake, na yakifika kwenye sebene yanazungushana kama watoto wanaoruka kamba. Kila gitaa likiwa nene, kamba zinasokotana. Pikapu yenye nguvu imetengenezwa kwa ajili ya muziki mwingine, ambao gitaa moja linataka kujaza chumba kizima. Sina ugomvi na muziki huo. Ila huo sio tunaoupiga sisi, wala sio unaopigwa na kwaya ya shule hii siku ya wazazi.

Nisiseme kana kwamba ya zamani haina ubaya. Inao. Koili yake ni moja, kwa hiyo inanasa na mvumo wa umeme, na jenereta likiwaka karibu unalisikia ndani ya spika kama nyuki. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitengeneza mwaka 1955 pikapu ya koili mbili zilizosokotwa kinyume, zenye sumaku zilizogeuzwa, ili mvumo wa moja uuwe mvumo wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikiongezeka. Ni akili kubwa, nami ninaivulia kofia. Juru tumeona kwamba mpigaji akigeuka upande kidogo, na akasimama mbali na mashine ya sola, nyuki hupungua sana. Hapa shuleni ubaya ni taa ndefu za ukumbini; zizimwe zile mbili za juu ya jukwaa. Tena Teisco hupiga yowe ukiisogeza karibu mno na spika. Usiisogeze.

Kuna wenzangu wengine, wachache, wanaoziheshimu pikapu hizi kwa sababu mbaya. Wamesikia kwamba Ry Cooder, mpiga gitaa mashuhuri wa Marekani, alitia pikapu ya Teisco ya dhahabu katika gitaa lake la Fender, na kwamba tangu hapo bei imepanda, na magitaa yaliyokuwa yakitupwa yanachinjwa ili kutolewa pikapu zake kama ndovu kwa pembe. Habari ni za kweli. Lakini kama tungengoja mtu wa mbali atuambie sauti ya stoo yetu ni nzuri, basi akibadili mawazo kesho tutaitupa tena. Mama wa sauti ya pili hamjui Ry Cooder.

Nafika kwenye fedha, maana hapo ndipo kura zilipopatikana. Mnunuzi ametaja shilingi 450,000 kwa pikapu zote mbili. Sizibezi hata kidogo. Mimi ninayesoma kwa msaada wa karo najua 450,000 ni nini, na najua Chama kinahitaji ngoma. Lakini hesabuni pamoja nami. Pikapu mpya mbili nzuri, pamoja na fundi, zitakula nusu yake au zaidi. Tundu litapanuliwa kwa patasi, wala mbao haioti tena. Na kama kwaya ikizama kama ilivyozama yetu, hakuna atakayeturudishia za zamani kwa bei ileile tuliyouzia. Kwaya yetu Juru ilipoteza 90,000 na pikapu moja. Tulikuwa na ya pili ya kutufundisha. Shule ikiziuza zote mbili itajifunzia nini?

Naomba basi Chama kisiziuze kabla ya kufanya jaribio. Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, gitaa la shule lisimamishwe kando ya lile gitaa jeusi jipya la Bwana Katibu, ambalo pikapu zake ni za namna hiyohiyo inayotakiwa, na kwaya nzima iimbe. Pawe na pazia. Mhasibu asawazishe sauti, kwa kuwa yeye alipiga kura ya ndiyo na hakuna atakayemshuku kunipendelea. Waliokaa nyuma kabisa ya ukumbi ndio wapige kura, sio sisi wapiga magitaa, ambao kila mtu husikia vidole vyake tu. Nikishindwa hapo, patasi ninayo, na safari hii najua chuma cha kulehemu kikae hapo kwa muda gani.

Nina na ombi kwa wakubwa zetu mliotutangulia hapa shuleni, ambao wengi mko Kampala, Nairobi na kwingineko. Ile pikapu niliyoiua ninayo ndani ya kopo la majani ya chai. Nimeipeleka kwa fundi mmoja wa Mbarara anayesuka upya mota za mashine za kusaga na pampu za maji, mtu hodari kweli, ambaye mota iliyoungua mbele yake hufufuka kwa siku mbili. Aliuvuta ule waya kidogo, akaucheka, akasema, “Kijana, huu si waya, huu ni unywele.” Waya wake mwembamba kuliko wote ni mnene mara kadhaa kuliko huu. Lakini alinionyesha jinsi ya kuhesabu mizunguko kwa mashine yake ya mkono, na amekubali niitumie siku za Jumapili alasiri, duka likiwa limefungwa. Mzee amekwisha kuibandika plasta swichi ya pikapu mpya ili mtu asiiguse kwa makosa, naye hupiga na ile moja iliyosalia.

Ninachohitaji ni reeli moja ndogo ya waya wa shaba uliopakwa vanishi, unene wa milimita 0.06. Yeyote atakayeuona auache kwa Mhariri, nami nitalipa kidogo kidogo.